Gawa kwa 24: ninavyounda gari dogo la plastiki

Mchana nashona nguo. Usiku, meza ileile ya kukatia vitambaa hugeuka gereji. Naondoa mkasi mkubwa na kanda ya kupimia, natandika kipande cha kioo kinene, nawasha taa mbili, moja kushoto na nyingine kulia ili kivuli cha mkono kisinizibie kazi, halafu naendelea na gari linaloenea kiganjani. Nimefanya hivi kwa miaka kumi na moja. Hapa nitaeleza ninavyoliunda moja tangu boksi linapofunguliwa, nikitumia gari ninalolipenda kuliko yote: Volkswagen Beetle ya 1966, skeli 1:24.

Skeli hiyo maana yake milimita moja ya gari dogo inasimama badala ya milimita 24 za gari halisi. Beetle inafaa sana kujifunzia kwa sababu umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma ni milimita 2,400, kwa hiyo kwenye modeli ni milimita 100 kamili. Chukua rula upime kabla ya jambo lolote. Seti nyingi za Kijapani (seti ni boksi la vipande vya kuunda gari moja), kama za Tamiya, Fujimi na Aoshima, ni 1:24. Kampuni za Marekani kama AMT zilizoea 1:25, na huko umbali huohuo huwa milimita 96. Ukitaka kuhamisha rimu au injini kutoka seti moja kwenda nyingine, angalia namba hiyo kwanza, maana milimita nne kwenye gari dogo zinaonekana.

Kazi yangu yote inaongozwa na hesabu hiyo moja. Kabla sijabandika wala kupaka kitu najiuliza: hiki kikikuzwa mara 24 kitakuwa na unene gani? Rangi yenye unene wa milimita 0.1 ni sawa na milimita 2.4 kwenye gari halisi, yaani lipu ya ukuta. Ukingo wa mlango wenye milimita moja ni bati la sentimita mbili na zaidi. Gari lenye makosa hayo linaweza kuwa na vipande mia mbili vilivyobandikwa vizuri na bado likaonekana la kuchezea. Nimeona pia magari yenye vipande arobaini tu ambayo kwenye picha ungeapa yamepaki barabarani.

Vifaa vya kuanzia

Huhitaji vingi. Koleo ndogo ya kukatia ambayo upande mmoja wa meno yake ni bapa. Kisu chembamba cha wembe wa kubadilisha, na wembe wa akiba, kwa sababu wembe butu huteleza na kukukata wewe. Msasa wa namba 400, 600, 1000 na 2000. Kibano chenye ncha kali. Vibanio vya nguo. Gundi nyembamba ya plastiki, ile ya majimaji yenye kibrashi kwenye kifuniko. Brashi ya hewa na kompresa vinaweza kusubiri. Nilimaliza magari tisa kwa rangi za makopo ya kupuliza kabla sijavinunua.

Kuhusu gundi: plastiki ya seti hizi kwa kawaida ni polistirini, na gundi nyembamba huiyeyusha kidogo, kisha pande mbili zinaungana na kuwa kitu kimoja, kama chuma kilichochomelewa. Kwa hiyo usiipake halafu ugandamize. Shika vipande vikiwa vimekaa mahali pake, gusa kiungo kwa ncha ya kibrashi, na gundi itajivuta yenyewe ndani ya ufa. Ikifika kwenye uso wa nje usiifute kwa kidole. Iache ikauke, kisha uisawazishe kwa msasa. Ukiifuta, alama za kidole chako zinachapwa kwenye plastiki na hazitoki.

Kuosha, kukata, kupiga bandi

Vipande huja vikiwa vimeshikamana kwenye fremu ya plastiki. Vioshe vyote kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa kuwa hubaki na mafuta ya kalibu ambayo hukataa rangi. Viache vikauke vyenyewe.

Kata mara mbili. Mkato wa kwanza uwe mbali na kipande, wa pili uwe karibu, na upande bapa wa koleo uelekee kipande. Ukikata mara moja karibu kabisa, plastiki inavutika, inakuwa nyeupe, na mara nyingine inang'oa shimo. Kibaki kidogo kimalizie kwa kisu na msasa.

Halafu inakuja hatua ambayo wengi huiruka. Sisi mafundi cherehani hatushoni gauni kabla ya kupiga bandi, yaani kulishikiza kwanza kwa mishono ya muda. Na gari nalo lipige bandi: unganisha bodi, chasi, sakafu ya ndani, vioo na magurudumu kwa vipande vya tepu ya karatasi, bila gundi hata tone. Zungushia macho. Je, magurudumu yote manne yanagusa kioo cha meza? Bampa limenyooka? Sakafu haisukumi bodi ikapanuka? Kwenye Beetle yangu ya kwanza sakafu ilikuwa pana kwa nusu milimita. Ningeligundua hilo baada ya kupaka rangi ningelazimika kuvunja kazi ya wiki tatu. Niligundua nikiwa na tepu tu, nikapitisha msasa kwa dakika tano, yakaisha.

Bado hujafikia rangi. Angalia bodi kwenye mwanga wa pembeni na utaona mistari myembamba iliyoinuka, mahali vipande vya kalibu vilipokutana. Kwenye Beetle hupita juu ya madigadi na kwenye nguzo za paa. Ikwangue kwa mgongo wa wembe, kisha msasa wa 600. Na mistari inayotenganisha milango, boneti na bodi, ambayo inatakiwa kubaki, ichimbe zaidi kwa mgongo huohuo wa wembe, polepole, mara tano au sita. Rangi itaijaza kiasi. Usipoichimba, mlango utaonekana umechorwa.

Rangi

Hapa ndipo gari hupona au huharibika, nami sitaharakisha.

Anza na usalama. Rangi na thina za laka, rangi inayokauka haraka, zina mvuke unaodhuru mapafu na unaoshika moto. Puliza mahali penye hewa inayotoka nje, pasipo na mshumaa wala jiko, ukiwa umevaa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi tu. Klia, yaani rangi ya juu inayopitisha mwanga, zile za kuchanganya sehemu mbili hung'aa kwa namna ya ajabu, lakini zina isosianati, kemikali inayoweza kumwachia mtu pumu ya kudumu. Sizitumii ndani ya nyumba, na simshauri mtu azitumie bila vifaa kamili.

Pili, mpangilio wa aina za rangi. Enameli, rangi inayokauka polepole, inaweza kupakwa juu ya laka iliyokauka. Laka juu ya enameli ni hatari, kwa kuwa thina yake kali huila enameli iliyo chini. Gari langu la tatu nililipaka enameli nyekundu nzuri, nikangoja siku nne, nikapuliza laka ya klia juu yake. Ndani ya dakika mbili paa lote likakunjamana kama nailoni iliyoguswa na pasi ya moto. Nilikaa nikilitazama likijikunja bila la kufanya. Ilinichukua wiki mbili kulirudisha kwenye plastiki tupu kwa msasa. Tangu siku hiyo kila mchanganyiko mpya naujaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki, na kijiko hicho nakiandika nyuma: praima (rangi ya msingi) gani, rangi gani, klia gani, tarehe gani. Nina vijiko zaidi ya sitini kwenye kopo, na ndivyo hunichagulia rangi.

Sasa upulizaji. Funga bodi kwa tepu juu ya chupa iliyotiwa mchanga ili uizungushe bila kuishika. Lipulize gari praima nyembamba, na kasoro zote ulizodhani umezimaliza zitajitokeza. Zisahihishe, upulize tena. Kopo la rangi lilaze kwenye maji vuguvugu dakika chache kabla ya kazi. Vuguvugu, si ya moto, na kamwe usilisogeze karibu na jiko. Rangi ikipata joto hutoka laini zaidi. Shika kopo sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bodi. Anza kupuliza kabla hujafika kwenye gari, pita kwa mwendo mmoja, na uachie kitufe ukishalivuka. Ukianzia juu ya gari, matone makubwa ya mwanzo yanaangukia boneti.

Mpulizo wa kwanza uwe ukungu tu. Plastiki bado inaonekana chini yake, na iache ionekane. Subiri dakika kumi hadi kumi na tano. Wa pili ufunike. Wa tatu uwe na unyevu kiasi cha kung'aa, ila usichuruzike. Ukiupuliza kutoka mbali mno, rangi inakauka hewani na uso unakuwa na vinundu kama ganda la chungwa. Siku yenye unyevunyevu mwingi usipulize laka kabisa, kwani hushika maji ya hewani na kuwa na weupe kama pumzi kwenye kioo.

Kuhusu rangi yenyewe, chembe za metali kwenye rangi ya gari halisi ukizihamishia kwenye 1:24 zinakuwa kubwa kama punje za mchanga. Chagua rangi zenye chembe za unga laini. Beetle hainipi taabu hiyo, naipaka rangi tulivu isiyo na metali, bluu iliyofifia inayokaribia kijivu. Na nyeusi tupu naiepuka karibu kila mahali. Kitu kidogo kinakunywa mwanga, kwa hiyo tairi na uvungu wa gari navipaka kijivu cheusi, na hapo jicho linavisoma kuwa vyeusi.

Unajuaje kwamba imekauka? Inuse. Kama bado inanuka, thina bado inatoka. Laka naipa siku tatu au nne, enameli wiki nzima au zaidi. Kisha nasugua kwa msasa wa 2000 uliolowa maji yenye tone la sabuni, mpaka uso mzima uwe na ufifi uleule bila vidoa vinavyong'aa, halafu polishi kwa pamba laini hadi taa ya mezani ijitazame kwenye paa. Kuwa mwangalifu kwenye kona na kwenye mikunjo ya madigadi. Bandu bandu huisha gogo, na hapo gogo ni jembamba sana: mipito miwili tu ya msasa inafika kwenye praima. Kona zote naziwekea ukanda mwembamba wa tepu ninaposugua, nautoa mwishoni, na kupiga polishi peke yake.

Kromu na vioo

Ukanda wa kromu unaopita ubavuni mwa Beetle naufunika kwa karatasi nyembamba ya metali yenye gundi nyuma yake; ninayoitumia ni Bare-Metal Foil. Kata kipande kipana kuliko unachohitaji, kilaze, kikandamize kwa kijiti cha meno kilichosuguliwa ncha, kisha pitisha wembe mpya kabisa kando ya ukanda. Usikandamize wembe, uzito wa kisu chenyewe unatosha. Vuta mabaki.

Mabampa huja tayari yakiwa na kromu, lakini mara nyingi yana mstari wa kalibu katikati na kromu yenyewe inang'aa kama ya mwanasesere. Nayaloweka kwenye dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe, peke yake bila kuichanganya na kemikali nyingine yoyote, hadi kromu iondoke. Nayasuuza, nasugua mstari, napaka nyeusi inayong'aa, inakauka kabisa, halafu kalamu ya kromu ya Molotow. Ukishaipaka usiiguse kwa siku kadhaa. Mafuta ya vidole huifanya ififie.

Vioo viwekwe kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo ikikauka huwa haina rangi. Usithubutu kuweka supagluu karibu na kioo. Mvuke wake hutua juu yake na kuacha utando mweupe, tena upande wa ndani ambako kitambaa hakifiki. Mpira unaozunguka kioo paka nyeusi isiyong'aa, ukanda wa milimita moja tu.

Injini na uzi wa cherehani

Sehemu hii naipenda kwa sababu hapa kazi zangu mbili zinakutana. Seti nyingi hukupa injini bila waya hata mmoja. Injini ya Beetle iko nyuma, silinda nne zimelala mbili kila upande, na hupozwa kwa hewa, kwa hiyo usitafute rejeta. Waya unazohitaji ni tano: nne kutoka kwenye distribyuta, kifaa kinachogawa umeme, kwenda kwenye plagi, na mmoja kutoka kwenye koili kuingia katikati ya distribyuta.

Waya halisi wa plagi una unene wa karibu milimita 7. Gawa kwa 24, unapata kama 0.3. Huo ni uzi. Kuupima, uzungushe kwenye sindano mara kumi, mizunguko ikiwa imebanana, kisha pima upana wa mizunguko yote kwa rula. Ukipata milimita 3, ndio wenyewe. Lakini uzi una manyoya, na manyoya hayo ukiyakuza mara 24 ni nywele za sentimita mbili. Uvute mara tatu au nne kwenye kipande cha nta ya nyuki, kama tunavyofanya kabla ya kushona vifungo vya koti, kisha upitishe kati ya vidole mpaka ulale. Nta pia huufanya uinamie pale unapoukunja.

Toboa mfuniko wa distribyuta kwa keekee ya mkono yenye ncha ya 0.3 au 0.4, matundu manne pembeni na moja katikati. Mpangilio wa kuwaka ni 1-4-3-2, nazo waya zinafuata mpangilio huo kuzunguka mfuniko kwa mwelekeo wa saa. Silinda ya 1 na ya 2 ziko upande wa kulia wa gari, ya 3 na ya 4 kushoto. Ya 1 na ya 3 ndizo zilizo karibu na mbele ya gari. Fundi wa Beetle akiinama kutazama injini yako atafuata waya hizo kwa macho, na zikiwa sawa utamwona akitabasamu.

Mkanda wa kiti, ambao kwa gari halisi una upana wa karibu milimita 48, ni utepe wa satini wa milimita 2. Kapeti natengeneza kwa vumbi la kitambaa lililopepetwa juu ya gundi nyeupe. Dashibodi naipaka kwa brashi, na saa ya mwendo naimalizia kwa tone la klia ili ionekane ina kioo. Tairi nazisugua kwa msasa pale zinapokanyaga, mng'ao uishe na mstari wa katikati upotee. Hayo ni kazi ya jioni moja.

Kulifanya liwe lako

Kushusha gari ni badiliko rahisi na linalobadilisha sura kuliko yote. Ukipunguza milimita 2 kwenye vishikio vya ekseli, umelishusha gari halisi karibu sentimita 5. Zaidi ya hapo piga bandi tena uone kama tairi zinagusa madigadi. Kuna jambo moja la Beetle ya miaka hiyo: ekseli za nyuma zinabembea kutoka kwenye giaboksi, kwa hiyo gari likishushwa, magurudumu ya nyuma huinama, juu yakiingia ndani. Seti itakupa magurudumu yaliyosimama wima. Yainamishe kidogo, nyuzi tatu au nne, na gari litaonekana lina uzito.

Keria ya juu naiunda kwa waya wa shaba nyeupe wa milimita 0.5, ambao ni bomba la milimita 12. Gundi ya plastiki haishiki chuma. Hapa supagluu ndiyo mahali pake, mradi vioo havijawekwa. Antena ni plastiki ya fremu yenyewe: ishike juu ya mwali wa mshumaa, mbali na rangi zako, ikilegea ivute taratibu, na utapata unywele wa plastiki ulionyooka.

Ukitaka mlango ufunguke, ukate kwa kuchimba mstari wake kwa mgongo wa wembe mara nyingi mpaka upenye. Kisha kwangua ukingo kutoka upande wa ndani hadi uwe mwembamba kama karatasi. Ndani hapaonekani, lakini ukingo unaonekana.

Kutu naiweka kwa kubonyeza sifongo kidogo chenye kahawia iliyoiva, pale tu inapoota kweli: chini ya milango, miguuni mwa madigadi, na sakafuni chini ya kiti cha nyuma ambako betri ya Beetle hukaa. Kumbuka kugawa. Doa la milimita 3 ni tundu la sentimita 7.

Kupiga picha

Gari likikamilika lipanguse vumbi kwa brashi laini, liweke mbali na dirisha lenye jua, kisha lipige picha. Usilipige kutoka juu kama unavyolitazama mezani. Mtu mzima aliyesimama kando ya gari, macho yake yako kama sentimita 160 kutoka ardhini, na hiyo kwa 24 ni chini kidogo ya sentimita 7. Shusha simu mpaka lenzi ifike hapo, rudi nyuma, kuza kidogo. Ukiona ufa wa mlango ni mpana mno au bampa limepinda, rudisha gari kwenye kioo cha meza. Wembe na msasa bado viko palepale.